Waziri Mkuu Aliyetunza Kondoo

Likizo iliyopita baba aliniita twende tukapalilie mtama. Nilimjibu kwamba nina masomo, nikajifungia ndani na kitabu. Lakini sababu ya kweli niliijua moyoni: niliona haya kuonekana na jembe, mimi niliye kidato cha nne. Kitabu chenyewe kilikuwa cha historia, na humo nilikuta habari za David Ben-Gurion. Nazieleza hapa kwa sababu zilinisuta.

Ben-Gurion alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Plonsk, Poland, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Urusi. Mwaka 1906 alihamia Palestina, iliyokuwa ikitawaliwa na Waturuki, akafanya kazi ya kibarua mashambani. Huko alipatwa na malaria, na mara nyingine alilala na njaa. Baadaye aliingia katika mambo ya siasa na vyama vya wafanyakazi. Tarehe 14 Mei 1948 alitangaza kuundwa kwa dola ya Israel, akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

Habari zake si sifa tupu. Katika vita vya wakati ule Waarabu wa Palestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, wala hawakuruhusiwa kurudi. Atakayesimulia maisha yake na kuliruka jambo hilo hasemi kweli yote.

Mwaka 1953, akiwa safarini katika jangwa la Negev, aliwaona vijana wachache wakijenga kijiji. Kijiji hicho, Sde Boker, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1952. Kilikuwa kijiji cha ushirika, ambacho kwa Kiebrania huitwa kibutsi: ardhi, mifugo na zana vilikuwa mali ya wote, chakula kililiwa pamoja, wala hapakuwa na mshahara. Mvua ya huko ni kama milimita 100 tu kwa mwaka. Hata mtama wetu usingestawi kwa mvua hiyo. Lakini Ben-Gurion aliamini kwamba jangwa hilo, ambalo ni zaidi ya nusu ya nchi, linaweza kulimwa. Basi mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 67, aliacha uwaziri mkuu akahamia Sde Boker pamoja na mkewe, Paula. Walikaa katika nyumba ndogo ya mbao, naye akapangiwa kazi kama mwanachama mwingine yeyote. Alifanya kazi ya kutunza kondoo.

Mwaka 1955 aliitwa tena serikalini, akawa Waziri Mkuu hadi mwaka 1963. Alipong'atuka alirudi kijijini kwake. Alifariki tarehe 1 Desemba 1973, akazikwa karibu na Sde Boker, kando ya mkewe aliyetangulia mwaka 1968. Juu ya kaburi lake hapakuandikwa kwamba alikuwa Waziri Mkuu. Paliandikwa jina lake, kuzaliwa kwake, kufa kwake, na mwaka 1906 alipohamia nchi ile, yaani mwaka alioanza kazi ya shamba.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikachukua jembe, nikaenda shambani. Baba alikuwa amekwisha palilia nusu. Hakuniuliza neno, alinionyesha tu mstari wa kuanzia.