Stefanie Zweig: Mtoto wa Kiyahudi aliyepata makao Kenya

Mwaka 1938, msichana wa Kijerumani ambaye hakuwa ametimiza miaka sita aliwasili Kenya pamoja na mama yake, Jettel. Baba yake, wakili Walter Zweig, alikuwa amewatangulia kwa miezi kadhaa. Walikimbia kwa sababu walikuwa Wayahudi.

Stefanie Zweig alizaliwa tarehe 19 Septemba 1932 huko Leobschütz, mji ambao leo uko Poland. Utawala wa Adolf Hitler ulipowafungia Wayahudi milango ya taaluma ya sheria, Walter alitafuta hifadhi katika koloni la Uingereza. Wakili asiyejua kilimo akawa msimamizi wa shamba. Wazazi waliishi kama wageni, lakini binti yao aliiona Kenya kuwa kwao. Alijifunza Kiswahili kutoka kwa watu wa shambani, akiwemo mpishi Owuor, ambaye baadaye alimpa nafasi kubwa katika maandishi yake.

Vita vilipozuka mwaka 1939, Waingereza waliwazuilia wanaume wa Kijerumani, hata Wayahudi waliomkimbia Hitler. Walter naye alizuiliwa, kisha baadaye akajiunga na jeshi la Uingereza. Jamaa waliobaki Ulaya waliuawa na Wanazi.

Mwaka 1947 Walter aliirudisha familia Ujerumani, akawa jaji mjini Frankfurt. Stefanie, mwenye umri wa miaka 14, alijikuta katika mji wa magofu na njaa, miongoni mwa watu ambao taifa lao lilikuwa limewaangamiza ndugu zake. Kijerumani ilimbidi akijifunze upya.

Alifanya kazi ya uandishi wa habari kwa miaka mingi, akiongoza kurasa za utamaduni za gazeti moja la Frankfurt. Mwaka 1995 alichapisha riwaya ya Nirgendwo in Afrika, iliyotokana na maisha ya familia yake. Filamu ya riwaya hiyo, iliyoongozwa na Caroline Link, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2003 katika kundi la filamu za lugha ya kigeni. Kiswahili kinasikika ndani yake.

Zweig alifariki dunia Frankfurt tarehe 25 Aprili 2014, akiwa na miaka 81. Watoto wa Kiyahudi wapatao milioni moja na nusu waliuawa katika maangamizi hayo. Yeye alinusurika kwa kuwa baba yake aliondoka mapema, na kulikuwa na nchi ya kuwapokea.