Tabibu Aliyewaamrisha Wenziwe Kunawa Mikono

Wako waja ambao ulimwengu huwatambua wameshazikwa. Mmoja wao ni Ignaz Semmelweis, tabibu wa Hungaria, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuwaambia madaktari wenziwe kwamba mikono yao ndiyo iuayo.

Alizaliwa tarehe 1 Julai, 1818, katika mji wa Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest. Babake alikuwa mwenye duka la vyakula. Mwaka 1837 alikwenda Vienna kusoma sheria, lakini moyo ukageukia utabibu, akahitimu mwaka 1844. Miaka miwili baadaye akapata kazi katika hospitali kuu ya mji huo, upande wa wazazi.

Upande huo ulikuwa na wodi mbili: moja ya madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ya wakunga. Homa ya uzazi ilikuwa ikiwamaliza wanawake, lakini ajabu ni kwamba kwa madaktari walikufa kiasi cha 10 katika kila 100, na kwa wakunga hawakufika 4. Mjini siri hiyo ilijulikana. Wanawake walilia na kupiga magoti wasiingizwe kwa madaktari. Wengine waliona heri wazalie njiani.

Semmelweis hakupata raha. Alichunguza hewa, msongamano, hata namna mama anavyolazwa, asipate jawabu. Mwaka 1847 jawabu likaja na msiba. Rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi katika kupasua maiti, akaugua akafa. Taarifa ya mwili wake ilionyesha maradhi yale yale yanayoua wazazi. Hapo Semmelweis akatanabahi. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti, wakenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti.

Mwezi wa Mei akaamrisha kila aingiaye wodini anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini, mpaka harufu ya maiti itoke. Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Juni wakafa 2. Mwaka 1848 kulikuwa na miezi miwili ambayo hakufa hata mmoja.

Mtu angedhani atatunzwa. Wapi! Wakubwa walichukia kuambiwa kwamba wao ndio waliobeba mauti viganjani. Vijidudu vya maradhi vilikuwa bado havijathibitishwa, naye hakuweza kuwaonyesha kwa macho kile alichokisema. Mwaka 1849 akanyimwa kuendelea na kazi, na baadaye akarejea kwao. Huko Pest nako, katika hospitali ya Mtakatifu Rochus, vifo vikashuka kwa njia ile ile.

Lakini naye alikuwa na lake. Alichelewa kuandika, kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Tena waliompinga aliwaandikia barua za hadharani akiwaita wauaji. Haki ikinenwa kwa matusi, huwapa watu kisingizio cha kuziba masikio.

Mwishowe akili ikamtatizika. Mwaka 1865 alipelekwa kwa hila kwenye nyumba ya wenda wazimu huko Vienna, akapigwa na walinzi. Tarehe 13 Agosti akafa kwa jeraha lililoingia sumu, maradhi ya jamaa moja na yale aliyopigana nayo. Alikuwa na umri wa miaka 47. Baadaye kazi za Louis Pasteur na Joseph Lister zikaonyesha kuwa alisema kweli.

Sisi tuliolelewa kwa birika na hodhi la msikiti, tunaoanza udhu kwa viganja, huenda tukawacheka wale madaktari. Tusicheke. Homa ya mafua hupita kwa chafya na kikohozi, na pia kwa mkono. Mtu hupiga chafya kiganjani, akanyoosha mkono ule ule kwa salamu. Mwenziwe akajigusa pua au macho, basi amejitia maradhi mwenyewe. Udhu wa alfajiri haumkingi mtu na chafya ya saa nne. Dawa ni maji na sabuni, kusugua viganja, migongo ya mikono na baina ya vidole kwa kiasi cha sekunde 20, na kukohoa katika kitambaa au kiwiko.

Semmelweis aliyasema haya mapema, na wazazi wengi wakafa baada ya kusemwa. Wahenga walijua: kuambizana kuko, kusikilizana hapana.