PADRE EMIL KAPAUN: KASISI ALIYEBAKI NA MAJERUHI

Kamati iliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, nilimchagua Padre Emil Kapaun, kasisi Mkatoliki wa jeshi la Marekani. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni mafaili, kwa hiyo nilidhani habari za askari zitakuwa zimo zote katika mafaili. Nilikosea.

Mwanzo wa maisha yake ni rahisi kuufuata. Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1916 katika kijiji cha Pilsen, jimbo la Kansas, mtoto wa wakulima. Alipata upadre Juni 1940, akaingia jeshini mwaka 1944. Mwaka 1945 alipelekwa Bara Hindi na Burma, ambako mwaka mmoja kabla yake wazee wetu wa KAR walikuwa wamepigana na Wajapani. Aliacha jeshi mwaka 1946, akasoma shahada ya pili ya elimu, kisha akarudi jeshini mwaka 1948.

Julai 1950 aliingia Korea na Rejimenti ya 8 ya Wapanda Farasi, jina la zamani tu, maana farasi hawakuwapo tena. Alisomea Misa juu ya boneti ya gari la jeshi, na mara nyingi alikwenda kuwachukua majeruhi huku risasi zikipigwa.

Usiku wa tarehe 1 Novemba 1950 majeshi ya China yaliwashambulia huko Unsan. Waliobaki na nguvu waliambiwa wajiokoe. Padre angeweza kwenda nao, akakataa kuwaacha majeruhi, na tarehe 2 akatekwa. Alipoona askari wa adui amemwelekezea bunduki Sajini Herbert Miller, aliyevunjika kifundo cha mguu, alikwenda moja kwa moja, akaisukuma bunduki kando, akamwinua Sajini na kumbeba.

Kuanzia hapo mafaili hunyamaza. Habari za kambi ya Pyoktong, kando ya mto Yalu, zimetoka vinywani mwa mateka waliorudi. Walieleza jinsi alivyofua nguo za wagonjwa wa kuhara, alivyochemsha maji katika vyombo vya bati la paa, na alivyotoroka usiku kuiba chakula, baada ya kumwomba Mtakatifu Disma, yule mwizi mwema. Hapo kalamu yangu ilisita: padre anaiba? Lakini wote walisema alichopata aligawa. (Vijana wanaovamia stoo ya shule usiku wasijitetee kwa mfano huu!)

Alfajiri ya Pasaka, tarehe 25 Machi 1951, aliongoza ibada, nao wasio Wakatoliki wakahudhuria. Baada ya hapo aliugua. Walinzi walimhamishia katika nyumba waliyoiita hospitali, ambako mateka walipelekwa kufa. Alifariki tarehe 23 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 35.

Baada ya vita mabaki yake yalirudishwa, lakini hakuna aliyeyatambua. Yalizikwa Hawaii pamoja na ya askari wengine wasiojulikana, na familia yake ikaishi ikidhani yamebaki Korea. Yalitambuliwa Machi 2021, yakazikwa upya katika kanisa kuu la Wichita mwezi Septemba mwaka huo. Nishani ya juu kabisa ya Marekani alikuwa amekwisha kupewa mwaka 2013, na Miller, mzee sana, alihudhuria. Mwaka 2025 Papa Fransisko aliidhinisha hati ya kutambua kwamba aliyatoa maisha yake kwa ajili ya wenzake.

Jambo moja limenikaa moyoni. Rubani Gerald Fink, Myahudi, alifika kambini baada ya Padre kufa. Hakumwona kamwe. Aliyoyasikia kwa mateka yalimtosha kuchonga msalaba mkubwa wa mbao kwa kumbukumbu yake, na mateka walipoachiliwa mwaka 1953 waliubeba mpaka kwao. Msalaba huo umehifadhiwa Wichita, katika shule ya sekondari yenye jina la Kapaun.

Nanyi wanafunzi, mtakapoondoka hapa, faili lenu litabaki kabatini na alama zenu za mtihani. Mengine yatasimuliwa na wale mliolala nao bweni moja. Sisi tuliotangulia tunajua hivyo, maana kila tukikutana hayo ndiyo tunayosimuliana.