ROBERT SMALLS: KUTOKA UTUMWANI HADI BUNGENI

Leo nimeshika kalamu kuwasimulia habari za shujaa mmoja wa Marekani. Tegeni sikio.

Robert Smalls alizaliwa mwaka wa 1839 mjini Beaufort, jimbo la South Carolina. Mama yake alikuwa mtumwa, kwa hivyo naye akazaliwa mtumwa. Alipotimu miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kibarua, na mshahara karibu wote ukawa wa bwana wake. Huko bandarini ndiko alikojifunza kuongoza vyombo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, Smalls akawekwa katika meli iitwayo Planter, iliyotumikia jeshi la Kusini. Hao ndio waliotaka utumwa uendelee. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, nahodha na wasaidizi wake walienda kulala mjini. Basi Smalls akavaa kofia ya nahodha, akang'oa nanga, akawachukua mkewe Hannah, watoto wao na watumwa wenzake. Walikuwa watu 16. Walipofika ngome ya Fort Sumter, alipiga honi kwa ishara zinazotakiwa, wakapita hadi kwenye manowari za Kaskazini. Hebu fikiria, msomaji, wangalishikwa ingekuwaje?

Wengi humsifu kwa meli ile tu. Mimi naona kazi kubwa ilikuja baadaye. Mwaka wa 1868 alikuwa mjumbe katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, akapigania shule za umma za bure kwa watoto wote, weusi kwa weupe. Na kumbe yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani! Mwaka huo huo akaingia bunge la jimbo, 1870 seneti ya jimbo, na 1875 bunge la taifa kule Washington.

Lakini mambo hayakuwa mteremko. Mwaka wa 1877 alihukumiwa kwa kesi ya hongo, kisha akasamehewa 1879. Mwaka wa 1895 kukaitishwa mkutano mwingine wa katiba, nia yake kuwanyima weusi kura. Wajumbe weusi walikuwa 6 tu, Smalls akiwa mmoja wao. Alipinga kwa nguvu zote, wapi! Wengi wape. Weusi wa Kusini walisubiri hadi sheria ya mwaka wa 1965 kurudishiwa haki hiyo.

Smalls alifariki mwaka wa 1915 mjini Beaufort, katika nyumba ya bwana wake wa zamani, ambayo alikuwa ameinunua mwenyewe.

Je, alishindwa? Mimi nasema la. Kura walinyang'anywa, na watoto wakatenganishwa kwa rangi, lakini shule za umma zilibaki. Wenzangu, dawati unalolikalia leo kuna mtu aliyelipigania. Tusilichezee. Elimu ni taa.