Otenyo: Shujaa wa Gusii ambaye kichwa chake hakijarudi nyumbani

Kama wewe ni mpenzi wa movi za kuogofya, stori hii umeiona mara nyingi. Wazungu wanafika Misri, wanafukua kaburi la kale, wanabeba walichokikuta na kurudi nacho kwao. Halafu maiti iliyokaushwa na kuviringishwa vitambaa inaamka, na waliovunja kaburi wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Movi maarufu ya aina hiyo ilitoka Hollywood mwaka 1932, Boris Karloff akiigiza kama Imhotep. Ilikuja miaka kumi tu baada ya Howard Carter kulifikia kaburi la Tutankhamun mwaka 1922. Mwaka 1959 kampuni ya Hammer ya Uingereza ikatoa yake, Christopher Lee akiwa Kharis, maiti inayosafirishwa hadi Uingereza na kuwaandama waliofukua kaburi mpaka majumbani mwao.

Hicho ni kisa cha kubuni. Lakini panda matatu hadi Kisii, halafu uendelee mpaka Nyamira, utakutana na wazee wenye simulizi isiyo mbali sana na hiyo. Kwao hakuna maiti iliyoamka. Kuna mwanamume aliyeuawa na mkoloni mwaka 1908, kichwa ambacho wanasema kilikatwa kikapelekwa London, na ukoo ambao umesubiri kwa zaidi ya karne moja.

Mwanamume huyo anaitwa Otenyo Nyamaterere.

Kijana wa Kitutu

Otenyo alikuwa mtu wa Kitutu, eneo ambalo leo limegawanyika: Kitutu Chache iko Kaunti ya Kisii, nayo Kitutu Masaba iko Nyamira. Enzi zake mpaka huo haukuwapo. Ilikuwa nchi moja ya Abagusii, milima na mabonde, wimbi na ng'ombe. Kijana hakuhesabiwa umri kwa cheti cha kuzaliwa bali kwa rika alilotahiriwa nalo, na ng'ombe walikuwa ndiyo benki. Bila ng'ombe huoi, na bila vijana wenye mikuki ng'ombe hawalali zizini salama.

Aliyemlea ni mwanamke ambaye jina lake halitenganishwi na lake, Moraa wa Ng'iti. Wengine humwita mama yake mlezi, wengine husema Otenyo alikuwa mpwa wake. Wote wanakubaliana kuwa Moraa alikuwa mtabiri na mganga aliyesikizwa kote Kitutu. Na hakuwataka Waingereza kabisa.

Alikuwa na sababu. Mnamo Septemba 1905, serikali ya kikoloni ilituma askari wa King's African Rifles pamoja na polisi kwenda kuwaadhibu Abagusii. Vijana waliwakabili kwa mikuki na ngao. Upande wa pili ulikuwa na bunduki ya Maxim, ile inayotapika risasi bila kupumzika. Si lazima uambiwe nani alianguka. Mamia ya vijana walikufa, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa.

Otenyo na wenzake waliobaki hai walikulia katika kumbukumbu hiyo. Karibu kila boma lilikuwa na mtu wa kulilia.

Nyarigoti afika Getembe

Mwaka 1907 Waingereza walikuja kukaa. Walifungua kituo cha utawala Getembe, pale ambapo leo ni mji wa Kisii. Wenyeji waliuita mji huo Bosongo, yaani kwa wazungu, na hata leo ukiwasikiza kina mama wakizungumza Ekegusii ndani ya matatu utalisikia jina hilo.

Msimamizi wa kituo alikuwa Geoffry Northcote. Abagusii walishindwa kulitamka jina hilo, wakamwita Nyarigoti. Alikuwa na miaka 26 tu, umri ambao vijana wengi wetu bado wanatafuta kazi, ila yeye alikuwa tayari na mamlaka ya kutoza kodi, kuhukumu kesi na kuchukua ng'ombe wa mtu.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyouma zaidi. Hebu fikiria mgeni aje kwenu, akuambie ulipie nyumba uliyojijengea mwenyewe, kwenye shamba la babu yako, na ukikataa anachukua mifugo. Moraa hakuuma maneno. Aliwaendea vijana wa Kitutu akawaaibisha hadharani kwa kukaa kimya wakati nchi inachukuliwa. Nyarigoti, kwake, alikuwa mzizi wa tatizo. Mzizi huo ung'olewe.

Aliyesimama ni Otenyo.

Mkuki mmoja

Januari 12, 1908, Northcote alikuwa safarini ndani ya Kitutu kwa shughuli za ng'ombe na kodi. Otenyo alikuwa amejificha kando ya njia. Alisubiri mzungu apite, kisha akamchoma mkuki mgongoni.

Habari zilienea vilima vyote kwamba Nyarigoti amekufa. Watu walisherehekea. Kwa mara ya kwanza tangu 1905, mtu wa Gusii alikuwa amemgusa mkoloni na mkoloni akatoa damu kama mtu mwingine yeyote.

Lakini Northcote hakufa. Alijeruhiwa vibaya, akabebwa, akatibiwa, akapona. Na hapo ndipo gharama ya mkuki ule ilipoanza kuhesabiwa.

Serikali ilirudi na jeshi. Kati ya Januari na Februari 1908 vijiji vilichomwa, chakula kikateketezwa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Watu walipigwa risasi wakikimbia. Ripoti zilipofika London, Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni wakati huo, alishtuka. Zilionyesha watu 160 wameuawa, ilhali upande wa askari haukuwa umepata hasara yoyote ya maana. Alituma ujumbe kulalamika kwamba mauaji ya watu wasio na kinga kwa kiwango hicho hayakuwa na haja.

Ukiona hata Churchill, mtetezi mkubwa wa himaya ya Uingereza, anasema mmepitiliza, jua mambo yalikuwa mabaya.

Mwisho wake

Otenyo alisakwa hadi akapatikana. Wazee husimulia kwamba alipigwa risasi mbele ya watu katika uwanja ambao leo tunauita Gusii Stadium. Lengo lilikuwa kila mtu aone, asithubutu tena.

Kisha, wanasema, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza kama ushahidi kwamba aliyemchoma afisa wa serikali ameshughulikiwa. Kiwiliwili kilibaki Gusii.

Usidhani jambo hilo halikuwa la kawaida. Wanandi wanasimulia hayo hayo kuhusu Koitalel arap Samoei, kiongozi wao aliyeuawa mwaka 1905 na Richard Meinertzhagen. Huko Tanzania, fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na liko Kalenga, Iringa. Wangoni nao wangali wanatafuta fuvu la Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Maji Maji. Kuna filamu ya mwaka 2024 kuhusu msako huo, The Empty Grave. Itazame ukipata nafasi. Haina jini wala maiti inayotembea, ila itakukosesha usingizi.

Kwa nini kichwa

Kwa kijana aliyekulia Nairobi, swali la haraka ni hili: miaka zaidi ya mia moja imepita, mifupa ya nini tena?

Kwa Mgusii jibu liko wazi. Mtu huzikwa kwao, kando ya nyumba yake, hata akifia Marekani. Ndiyo maana michango ya mazishi haiishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Wazee wa zamani waliamini pia ebirecha, roho za waliotangulia. Roho ikipuuzwa, au ikikosa kupumzishwa ipasavyo, hurudi kuwasumbua walio hai kwa magonjwa na mikosi. Kumbuka hilo, kisha urudi kwenye movi yako ya Misri: mtu aliyenyimwa kulala kwa amani huwasumbua walio hai.

Tofauti iko hapa. Kwenye sinema, anayetetemeka ni mwenye kufukua kaburi. Maiti inamfuata yeye kwake Uingereza, na haki inapatikana ndani ya saa moja na nusu. Kwa Otenyo, aliyechukua hakusumbuliwa na yeyote. Northcote alipanda cheo. Alikuwa Gavana wa British Guiana, kisha kuanzia 1937 Gavana wa Hong Kong, ambako chuo cha walimu kilipewa jina lake. Aliongezwa cheo cha Sir. Alikufa mwaka 1948, miaka 40 baada ya ule mkuki.

Waliobaki na deni ni wajukuu wa aliyeuawa. Wao ndio wamezunguka maofisini wakiuliza kichwa cha babu yao kiko wapi, wakitaka kirudishwe kizikwe. Inawezekana kurudisha, mbona? Mwaka 2006 fimbo za Koitalel zilirudi Kenya kutoka kwa familia ya Meinertzhagen. Na Mfalme Charles alipozuru nchi yetu mwaka 2023, alieleza majuto yake kwa maovu ya ukoloni, ingawa hakuomba msamaha.

Je, Otenyo alishindwa?

Kuna watakaosema mkuki wake uliwaponza wengi. Ni hoja nzito, wala si ya kupuuzwa. Watu 160 na zaidi walikuwa na mama zao. Lakini tukumbuke pia kwamba 1905 ilitangulia 1908. Bunduki ya Maxim ilifika Gusii kabla Otenyo hajamgusa mzungu yeyote, na kodi ingekuja tu, kuwe na mkuki au kusiwe na mkuki.

Alichofanya ni kukataa, na kukataa huko hakukufa naye. Mkoloni mwenyewe aligundua kwamba Kisii si mahali pa kuficha wakaidi. Mwaka 1913 alimleta Mekatilili wa Menza kutoka Giriama amfunge huko, mbali kabisa na Pwani. Januari 1914 Mekatilili alitoroka na kurudi kwao.

Leo Gusii Stadium ni nyumbani kwa Shabana FC. Siku ya mechi, mashabiki wa Tore Bobe hujaa mapema, vuvuzela zinalia, na bao likiingia mji mzima unajua. Wengi wao ni wa rika la Otenyo siku aliyojificha kando ya ile njia.

Ukienda, shangilia timu yako bila wasiwasi. Ila kabla mpira haujaanza, utazame ule uwanja mara moja na umwambie rafiki yako aliyekaa kando ni nani wazee wanasema alisimama pale mwaka 1908. Kichwa huenda kiko London, lakini hilo jina hakuna aliyeweza kulibeba.