Orlando Martins: sura tuliyoijua, jina tusilolijua

Niko huku Pap Onditi, Nyakach, mbali na bahari yetu. Juzi nilikaa na wazee wakizungumzia malale, maradhi ya mbung'o yaliyoua watu wengi sana kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita. Nikakumbuka sinema ya Waingereza ya mwaka 1946, Men of Two Worlds, ambayo kisa chake ni malale Tanganyika. Mganga anayepinga kijiji kihamishwe aliigizwa na Orlando Martins. Leo nimhadithie yeye.

Martins hakuwa mtu wa Tanganyika. Alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1899, akaenda Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akafanya kazi melini. London haikumngoja na kazi ya kuigiza. Alipigana mieleka, akacheza na nyoka kwenye sarakasi, ilimradi mkono uende kinywani.

Mwaka 1935 alikuwemo katika Sanders of the River, sinema ya kuusifu ukoloni iliyoongozwa kwa jina la Paul Robeson. Miongoni mwa waliojazia umati humo alikuwa Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London. Robeson baadaye aliikana sinema ile. Martins hakuwa na jina kubwa la kumwezesha kukataa, aliendelea.

Basi akawa Mwafrika wa kila mahali. Katika The Hasty Heart ya 1949 alikuwa askari Mbasuto aliyelazwa hospitali moja na Ronald Reagan, na kwa kuwa hajui Kiingereza, hana maneno ila jina lake. Mwaka 1951 akawa Mkenya katika Where No Vultures Fly, sinema ya wanyamapori iliyopigwa huku kwetu. Mwaka 1954 ikaja West of Zanzibar, ya magendo ya pembe za ndovu hadi pwani. Mwaka 1955, Simba, ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1965 alikuwa chifu katika Mister Moses, iliyopigwa Kenya pia.

Wako wanaomlaumu kwa kukubali kuwa mganga, chifu na mtumishi miaka nenda miaka rudi. Mimi simlaumu. Aibu ni ya walioandika hadithi ambamo Mwafrika hakuwa na kazi nyingine. Yeye alichopewa alikifanya kwa heshima, hata mtazamaji akamkumbuka kuliko mzungu aliyesimama mbele yake.

Uzeeni alirudi Nigeria. Akaigiza katika Kongi's Harvest ya 1970, iliyotokana na tamthilia ya Wole Soyinka, kisha katika sinema iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Hatimaye akatamka maneno yaliyobuniwa na Waafrika wenzake. Alifariki Lagos mwaka 1985, wakati yule mgonjwa mwenzake wa sinema ni rais wa Marekani.

Martins angalau jina lake liliandikwa. Katika Born Free ya 1966 tunawasoma Peter Lukoye na Omar Chambati. Lakini waliobeba mizigo, waliopiga ngoma, waliopiga makasia katika sinema zilizopigwa kwetu, nani aliwaandika? Kama kwenu yuko mzee aliyewahi kusimama mbele ya kamera hizo, muulize leo, uandike jina lake. Kesho tutaulizana makaburini.