Allan Robertson, fundi wa mipira ya gofu inayotafutwa hadi leo

Mpira mdogo wa ngozi wenye muhuri wa neno ALLAN unaweza kuuzwa leo kwa maelfu ya dola kwenye mnada. Muhuri huo ni wa Allan Robertson, fundi wa mji wa St Andrews, nchini Uskoti, aliyefariki dunia zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Robertson alizaliwa mjini humo tarehe 11 Septemba 1815, katika ukoo wa watengenezaji wa mipira ya gofu. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Fundi alishona vipande vya ngozi vilivyoloweshwa, akaacha tundu dogo, kisha akashindilia humo manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia ndefu. Mpira ulipokauka, ngozi ilijikaza na manyoya yakatanuka, ukawa mgumu kama jiwe. Fundi mmoja hakutengeneza zaidi ya mipira michache kwa siku, ndiyo maana bei ilikuwa juu. Mwaka 1844, karakana ya Robertson ilitoa mipira 2.456.

Miongoni mwa waliofanya kazi kwake alikuwemo Tom Morris. Mbali na kushona, wawili hao walicheza pamoja mechi za pesa, na ilikuwa vigumu kuwashinda.

Mambo yalibadilika mwaka 1848. Mipira mipya ilianza kuenea, ya gutapecha, yaani utomvu mgumu wa miti ya Asia. Ilikuwa rahisi kutengeneza, haikuharibiwa na mvua, na bei yake ilikuwa ndogo. Robertson aliona mkate wake unataka kuchukuliwa. Inasimuliwa kwamba aliinunua mipira hiyo ili aiteketeze, na kwamba aliwaapisha wafanyakazi wake wasiiguse. Siku moja Morris aliishiwa mipira uwanjani, akaazima ule wa gutapecha. Robertson alipopata habari, walikosana, na Morris akaacha kazi. Mwaka 1851 alihamia Prestwick.

Hasira haikuzuia soko. Robertson mwenyewe aliishia kutengeneza mipira ya gutapecha, na mwaka 1858 alimaliza uwanja wa St Andrews kwa mapigo 79. Hakuna aliyewahi kushuka chini ya 80 pale kabla yake.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1859 kwa homa ya manjano ya ini, akiwa na miaka 43, akazikwa katika makaburi ya kanisa kuu la St Andrews. Wengi walimhesabu kuwa bingwa, na sasa nafasi hiyo ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata, wachezaji wanane walikutana Prestwick kumtafuta bingwa mpya. Huo ndio mwanzo wa mashindano ya Open. Willie Park alishinda, Tom Morris akawa wa pili.

Mipira ya manyoya ilipasuka, ikalowa maji au ikatupwa, na iliyobaki ni michache. Ndiyo maana wakusanyaji hawatazami ngozi tu. Wanachunguza muhuri, mshono na namba ya uzito, kisha wanauliza mpira ulitoka mikononi mwa nani, familia gani iliutunza, na ulipitia minada ipi. Mpira usio na muhuri ni vigumu kujua nani aliutengeneza. Robertson alipiga muhuri ili auze mali yake, na muhuri huo huo ndio unaomtambulisha leo.